Unyevu wa Ukutani

Kwa miaka tisa nilifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani Tanga, na kila mwaka nilipoingia kidato cha kwanza nilichora ubaoni kamba ya kuanikia nguo yenye mashati matatu. Shati la kwanza lilichuruzika maji. Hilo niliandika chini yake “wet”. La tatu lilikuwa limekauka kabisa. Hilo nikaliandikia “dry”. Shati la katikati, lile ambalo ukilishika mkono haulowi lakini ukilivaa utajuta, nikaliandikia “damp”. Wanafunzi walinakili, kengele ikalia, nami nikatoka darasani nikiamini kwamba neno hilo nimekwisha kulieleza. Damp ni unyevu kidogo tu. Nani angebisha?

Mwezi wa Septemba 1986 nikapata nafasi ya kusoma kwa mwaka mmoja kaskazini-mashariki mwa Uingereza, katika nchi ya makaa ya mawe. Nilikwenda na mke wangu na binti yetu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miezi saba. Tulipangishwa vyumba viwili vya chini katika mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana kama mabehewa ya treni. Siku tuliyokabidhiwa ufunguo kulikuwa na jua, na vyumba vilionekana vyema.

Kufika Novemba, ukuta wa nyuma ya kitanda cha mtoto ulikuwa umeota doa. Mwanzo lilikuwa dogo kama sahani, kisha likapanda hadi usawa wa kiuno changu, na pembeni mwake kukatokea koga nyeusi iliyofanana na masizi ya chungu. Nguo kabatini zilinuka uvundo. Viatu vyangu vya ngozi, nilivyovitunza kwa ajili ya sherehe, vikaota manyoya ya kijani. Haya yote tungeyastahimili. Lakini mtoto akaanza kukohoa, na usiku kifua chake kikawa kinalia kama filimbi ya mbali.

Nikamwita mwenye nyumba. Alikuja, akauweka mkono wake ukutani kama daktari anayepima homa, akasema kwa utulivu kwamba ni damp kidogo, basi. Kisha akatueleza sababu. Tunapika sana, tena tunachemsha maji muda mrefu. Tunaanika nepi ndani. Hatufungui madirisha. Kwa ufupi, kosa letu lilikuwa kupika, kufua na kupumua. Nilimjibu kwamba nje kuna barafu na ndani kuna mtoto mchanga, naye akanijibu kwamba watu wa nchi za joto hawajui kuishi katika nyumba za baridi. Akaondoka.

Mke wangu hakujua Kiingereza kingi siku hizo. Akaniuliza yule bwana amesema ukuta una nini. Nikamweleza neno lile kama nilivyozoea kulieleza, kwa mfano wa shati la katikati. Akautazama ukuta, akamtazama mtoto, kisha akaniambia kwamba kama ndivyo nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa watu, basi niliwapunja. Kitu kile hakikuwa shati.

Juma lile lile nikamwandikia barua mjomba wangu, mkulima wa Muheza, Mungu amrehemu. Nilitaka kumweleza shida yetu kwa Kiswahili kizuri. Marehemu baba yangu, ambaye alisoma Kiarabu chuoni, alikuwa akiuita unyevu kwa neno “rutuba”, kwa kuwa hiyo ndiyo maana yake kwa Waarabu. Basi nami, kwa kutaka kuonyesha usomi, nikaandika kwamba chumba tunacholala kina rutuba nyingi mno. Jibu lilifika baada ya majuma matano. Mjomba alimshukuru Mungu kwa neema hiyo, akatuusia tusiwe wachoyo kwa majirani, na akauliza tumepanda nini.

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na katika miezi ile hatukuwa na mengi ya kutuchekesha. Lakini baada ya kicheko nilibaki na swali. Ilikuwaje neno moja la unyevu, lilipotoka Uarabuni likafika kwa wakulima wetu, likawa jina la ardhi inayozaa? Na lile neno la Kiingereza, lenyewe lilitoka wapi?

Jibu la swali la pili nilipewa na jirani yetu wa nyumba ya pili. Alikuwa mzee aliyeingia mgodini akiwa na miaka 14 na kutoka akiwa na nywele nyeupe. Alituishi vizuri tangu siku ya kwanza. Kuta za nyumba zile ni nyembamba, na usiku alikuwa akimsikia mtoto wetu anavyokohoa, nasi tukimsikia yeye, kwa maana kifua chake nacho kilikuwa kimekwisha kwa vumbi la makaa. Jioni moja alibisha hodi, mkononi ana taa ndogo ya shaba, mirefu kama chupa. Aliutazama ukuta, akatikisa kichwa, akaniuliza, “Kijana, kwenu damp ni nini?”

Nikamjibu kwa shati la katikati. Akacheka, kicheko kilichokatika kwa kikohozi. Akasema kwamba yeye, kwa miaka zaidi ya 40 aliyokaa chini ya ardhi, hakuwahi kumsikia mchimbaji akitumia neno hilo kwa maana ya maji. Maji mgodini huitwa maji. Damp ni hewa inayoua.

Msomaji, huenda ukadhani kwamba hayo ni mazungumzo ya watu wa kazi moja tu, kama mabaharia wanavyokuwa na lugha yao. Mimi nilidhani hivyo. Siku ya pili nilikwenda maktaba ya chuo, nikafungua kamusi kubwa ya historia ya maneno, na nikagundua kwamba mzee ndiye aliyekuwa na maana ya kale, na mwalimu ndiye aliyekuwa na maana ya juzi.

Neno hili ni la jamii ya lugha za Kijerumani. Huko Ujerumani hadi leo “Dampf” ni mvuke, na Waholanzi nao huita mvuke “damp”. Mjerumani huiita meli ya mvuke “Dampfer”, na sisi tunayo moja maarufu: Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande, na ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915. Wenye kuileta waliiita Dampfer, na hawakuwa na maana kwamba imelowa. Walisema inakwenda kwa mvuke. Kwa hiyo shina la neno si maji. Ni kitu kinachofuka, kinachopanda kama moshi, kinachoelea hewani.

Waingereza wa zama za kati walipolitumia, walilitumia kwa mvuke mbaya, fukuto lenye sumu litokalo ardhini. Kitenzi chake kilikuwa na maana ya kusonga pumzi, kuzima. Maana ya unyevu ilikuja polepole sana, na ni katika karne ya 18 tu ndipo tunapoweza kusema bila wasiwasi kwamba Mwingereza akisema kitu ni damp anakusudia kimelowa kidogo. Shati langu la ubaoni, kwa hesabu za lugha, ni changa.

Lakini chini ya ardhi maana ya kale haikufa, kwa sababu kilichoitwa kwa jina hilo hakikuacha kuua. Yule mzee alinihesabia damp zote kwa vidole, kama mtu anayetaja ndugu wa ukoo mbaya.

Ya kwanza ni “firedamp”, damp ya moto. Hii ni gesi ya methani iliyofungwa ndani ya makaa tangu misitu ya kale ilipooza. Mchimbaji akivunja makaa, gesi hutoka, nyingine kwa mlio kama wa chungu kinachochemka. Haina rangi wala harufu. Ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo hujificha juu, kwenye dari ya mgodi. Zikiwapo sehemu 5 hadi 15 za gesi hiyo katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha.

Ya pili ni “blackdamp”, damp nyeusi, ambayo wazee zaidi waliiita ya kukaba. Hiyo ni hewa iliyokwisha oksijeni, ikabaki nitrojeni na kaboni dayoksaidi. Ni nzito; hulala chini. Wachimba visima wa kwetu wanaijua bila kuwa na jina lake, ndiyo maana mwenye hekima huteremsha kwanza taa, na taa ikizimika hashuki. Ya tatu ni ile inayonuka kama yai viza. Ya nne ni “whitedamp”, damp nyeupe, yaani kaboni monoksaidi. Na ya tano ni “afterdamp”, damp ya baadaye, mchanganyiko unaobaki mgodini baada ya mlipuko. Mzee alipofika kwenye kidole hicho cha tano alinyamaza kidogo. Alisema kwamba moto wa mgodini huua walio karibu, lakini damp ya baadaye huwafuata walio mbali, wale waliosikia kishindo wakashukuru Mungu kwamba wamepona.

Alikuwa na umri wa miaka 30 na kitu mwaka 1951, mgodi wa Easington ulipolipuka, kwenye pwani ya Durham. Walikufa watu 83, wawili kati yao wakiwa waokoaji walioshuka kuwatafuta wenzao. Yeye alikuwa katika mgodi mwingine wa jirani. Hakunieleza zaidi ya hapo, nami sikumwuliza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Nikaanza kuisoma historia hiyo kwa kiu, na kwa muda somo langu la ualimu likawa la pili. Nilijifunza kwamba kabla ya taa za usalama, katika baadhi ya migodi, mtu mmoja alijifunika magunia yaliyoloweshwa maji, akatambaa kifudifudi peke yake mbele ya wenzake, mkononi ana fimbo ndefu yenye mshumaa nchani, akaichokoza ile gesi ya darini ilipuke wakati bado ni kidogo. Hebu fikiri: alijilowesha maji ili apambane na damp. Kwa mtu yule, unyevu ulikuwa ndio kinga, na damp ndiyo adui. Maneno mawili ambayo mimi niliyafanya ndugu, kwake yalikuwa kama moto na maji.

Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa Felling, karibu na Newcastle, ulilipuka, wakafa 92, wengi wao vijana na watoto. Kasisi wa parokia ile, John Hodgson, aliwazika waumini wake, kisha akafanya jambo ambalo wenye migodi hawakulizoea: alichapisha maelezo ya ajali pamoja na majina na umri wa waliokufa. Mwaka uliofuata ikaundwa jumuiya mjini Sunderland ya kuzuia ajali za migodi, na mwaka 1815 wakamwendea Humphry Davy, mkemia mashuhuri wa London, wakamwomba msaada.

Davy alipelekewa chupa za gesi, akazichunguza, na katika majuma machache akagundua kwamba moto hauwezi kupita katika wavu wa waya wenye matundu madogo sana, kwa kuwa chuma hunyonya joto la mwali kabla haujatoka nje. Akauzungushia mwali wa taa wavu huo. Mwaka ule ule George Stephenson, fundi wa mitambo wa mgodi wa Killingworth ambaye baadaye alipata sifa kwa treni zake, alikuwa ameunda taa yake mwenyewe kwa kujaribu na kukosea, na akaijaribu mahali penye gesi yenyewe. Wafuasi wa hawa wawili waligombana kwa miaka mingi nani alitangulia. Mzee wangu hakujali. Kwa maoni yake, mmoja alikuwa na maabara na mwingine alikuwa na ujasiri, na wote wawili walimpa taa.

Ile taa ya shaba aliyokuja nayo ilikuwa ya ukoo huo. Alinionyesha jinsi ya kuisoma. Mwali ukiwa mdogo na juu yake kukaota kofia ya samawati, ipo damp ya moto. Mwali ukinyong’onyea na kufifia, ipo damp nyeusi. Mchimbaji aliutazama mwali wake kama baharia anavyotazama mawingu.

Damp nyeupe haikuonekana kwenye taa. Mwaka 1896 mlipuko wa Tylorstown, huko Wales, uliua watu 57, na mtaalamu aliyeitwa John Scott Haldane akachunguza maiti. Aliona kwamba wengi hawakuuawa na moto wala kishindo, bali na kaboni monoksaidi, ambayo huishika damu na kuinyima oksijeni, na huwaacha waliokufa na mashavu mekundu kama watu waliolala usingizi mwema. Ndiye aliyeshauri wachimbaji washuke na viumbe wadogo wanaoathirika upesi kuliko binadamu. Hapo ndipo ndege wa kanari, wale wadogo wa manjano walio ndugu wa chiriku wetu, walipopata kazi ya mgodini. Mwaka huo huo wa 1986 tuliofika sisi, ilitangazwa kwamba ndege hao watapumzishwa na mahali pao patachukuliwa na vyombo vya elektroniki. Mzee alilisikia tangazo hilo redioni, akasema kwamba kwa maisha yake yote hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia wafanyakazi wa mgodi wakistaafishwa na watu wakawasikitikia.

Basi neno lenye historia ya namna hii lilifikaje kwenye shati? Naona njia yake ilikuwa hivi. Watu wa juu ya ardhi nao waliogopa mvuke. Kwa karne nyingi, hadi ndani ya karne ya 19, wasomi wa Ulaya waliamini kwamba maradhi hutokana na hewa chafu inayofuka kwenye mabwawa, makaburi na mitaro. Hata neno malaria ni la Kiitaliano lenye maana ya hewa mbaya, na halikubadilishwa baada ya Ronald Ross kumwona mkosaji ndani ya tumbo la mbu mwaka 1897. Wakati huo wa hofu ya hewa, ukungu wa jioni, baridi ya ardhi, jasho la kuta na harufu ya pango vyote vilikuwa jambo moja, na vyote viliitwa damp. Wazee wetu pia wanamfunika mtoto kichwa wakihofia umande, na hawatenganishi maji yake na ubaya wake. Polepole sayansi iliondoa sumu katika wazo la mvuke, na hofu ikapungua. Lilipotolewa sumu, neno likabaki na maji tu.

Lakini tabia ya kwanza haikutoka yote. Mwingereza anapotaka moto wa jikoni ulale hadi asubuhi, husema anaufanyia damp, na hatumii hata tone la maji: huufukia kwa majivu na kuupunguzia hewa, kama mama zetu wanavyofanya na kaa la usiku. Kibati kinachoziba bomba la moshi hubeba jina hilo. Ndani ya piano, vile vipande vyenye sufu vinavyolala juu ya nyuzi ili sauti isiendelee kulia, navyo hubeba jina hilo. Mtu akikatishwa tamaa, moyo wake hufanyiwa damp. Hakuna maji hata mahali pamoja. Kuna kuzima, kufifisha na kunyima pumzi. Ni tabia ya damp nyeusi, imevaa nguo za nyumbani.

Nilipomaliza kusoma hayo nikarudi kwa mzee nikiwa na furaha ya mwanafunzi aliyefaulu. Nilimweleza safari yote ya neno. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza mwenye nyumba wetu alisemaje alipouona ukuta. Nikamweleza: kupika, kufua, madirisha. Mzee akasema, “Hata sisi walituambia hivyo hivyo.”

Akanieleza kwamba zamani, mgodi ulipolipuka, swali la kwanza la wenye mali lilikuwa ni nani aliyefungua taa yake. Kweli walikuwapo waliofungua, kwa sababu taa ile ya wavu ilitoa mwanga hafifu, na mtu alilipwa kwa makaa aliyoyatoa. Lakini gesi ilikuwapo kwa sababu upepo wa kuisafisha ulikuwa hautoshi, na upepo ulikuwa hautoshi kwa sababu kuuleta ni gharama. Baadaye nilihakikisha jambo hilo vitabuni. Taa ya usalama ilipoingia, katika Durham na Northumberland vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa, na kamati ya Bunge ya mwaka 1835 ililiona hilo. Wenye migodi, wakiwa na taa mpya, waliwapeleka watu sehemu zenye gesi zaidi, mahali ambapo zamani hakuna aliyethubutu. Chombo cha kumwokoa mchimbaji kikawa kibali cha kumpeleka mbali zaidi. Na mwaka 1913, karibu miaka 100 baada ya Davy, damp ya moto na vumbi la makaa viliua wachimbaji 439 kwa asubuhi moja huko Senghenydd, Wales. Hakuna ajali ya mgodi nchini Uingereza iliyozidi hiyo.

“Anayepumua,” aliniambia mzee, “ndiye hulaumiwa kwa hewa.”

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimeshughulika na asili ya neno, huku lenyewe likifanya kazi yake sentimita chache kutoka kichwa cha mwanangu. Nami nilikuwa nimekubali nusu ya lawama, kwa kuwa nilikuwa mgeni, na kwa kuwa mwenye nyumba alitumia neno dogo. Damp kidogo. Nani atamsumbua mtu kwa ajili ya unyevu kidogo? Kama angesema kwamba ukuta wenu unatoa hewa mbaya inayoziba kifua cha mtoto, ningehama siku ile ile, hata kama tungelala ukumbini kwa watu. Ubaya ulikuwa mmoja. Jina ndilo lililotofautiana. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilikuwa nguoni kwelikweli.

Asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba alikuwa na haki. Tulihama Februari kwenda kwenye chumba kimoja cha ghorofani, kidogo lakini kikavu. Mzee alitubebea kitanda cha mtoto hadi kwenye gari, ingawa alilazimika kusimama mara tatu njiani kutafuta pumzi. Kabla ya mwezi kwisha ile filimbi ya usiku ilinyamaza. Ada ya dhamana tuliyoweka kwa mwenye nyumba haikurudishwa. Alisema ni kwa ajili ya kuharibu ukuta.

Mambo hayo yamepita zamani. Migodi ya Durham ilifungwa, wa mwisho mwaka 1993, na ule wa mwisho wa makaa ya chini kabisa katika Uingereza yote, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Ile damp ya wachimbaji sasa iko katika makumbusho pamoja na taa zao. Nilidhani nami ningebaki nayo kama kumbukumbu ya ujana tu.

Kisha Novemba 2022 nikasikia katika taarifa ya habari hukumu ya mchunguzi wa vifo huko Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Mtoto wa miaka miwili, wa wazazi wahamiaji kutoka Afrika, alikuwa amefariki Desemba 2020 kwa sababu ya kuvuta kwa muda mrefu koga iliyoota katika nyumba ya kupanga. Wazazi walikuwa wamelalamika mara nyingi. Waliambiwa kwamba sababu ni namna yao ya kuishi. Mchunguzi alikataa sababu hiyo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye nyumba za jamii kushughulikia hatari kama hizo kwa muda uliowekwa.

Nilizima redio nikakaa kimya. Nilimkumbuka mzee, ambaye alifariki miaka michache baada ya sisi kurudi nyumbani. Nilimkumbuka kasisi Hodgson na orodha yake ya majina. Tangu Felling mpaka Rochdale ni zaidi ya miaka 200, na ilichukua orodha ya kwanza kuleta taa, na jeneza dogo kuleta sheria. Watu wanaovuta hewa mbaya huwa wamekwisha kusema. Kinachochelewa ni wengine kuamini kwamba neno lao halikuongezwa chumvi.

Niliporudi shuleni Tanga niliendelea kuchora mashati matatu, kwa kuwa kidato cha kwanza ni kidato cha kwanza. Lakini chini ya lile la katikati nilianza kuchora taa ndogo, na kila mwaka alikuwapo mwanafunzi mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza ile taa ni ya nini. Hapo nilifunga kitabu nikawasimulia. Niliwaeleza pia juu ya rutuba: kwamba Mwarabu ambaye nchi yake ni kavu aliuita unyevu kwa jina hilo, na mkulima wetu alipolipokea akaona ndani yake mahindi na mihogo. Kwa watu wa jua, kitu chenye unyevu ni kitu chenye uhai. Mwingereza wa mgodini alilipata neno lake mahali pasipo jua kabisa. Kila mmoja alilijaza neno kwa kile alichokipata ardhini.

Binti yetu sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Hana kumbukumbu yoyote ya ukuta ule. Ila barua ya mjomba anayo yeye. Aliiomba, ameiweka ndani ya fremu, na imetundikwa katika nyumba yake, kwenye ukuta mkavu, ikiwauliza wageni wote wanaopita: mmepanda nini?